Udhuru wa Goti

Nimeletewa suali na ndugu yangu mmoja wa Mombasa, ambaye baba yake mzazi alipasuliwa goti miezi michache iliyopita. Asema ya kuwa mzee, tangu arudi kutoka hospitali, amekataa katakata kusali juu ya kiti. Kila wakati wa sala hushika ukuta kwa mkono mmoja na bega la mjukuu wake kwa mkono wa pili, akashuka chini huku jasho lamtoka, na akiisha kutoa salamu hawezi kuinuka mpaka ainuliwe. Watu wa mtaa humsifu kwa jambo hilo, wakasema huyu ndiye mcha Mungu wa zamani, si kama vijana wa leo. Ndugu yangu auliza: mtu aliyepewa ruhusa na Sharia, kisha akaikataa kwa hiari yake ili ajitie katika taabu, je, huwa amezidisha katika ibada yake au amepunguza?

Lau suali hili lingalinijia kabla ya mwaka 2023, ningalilijibu kwa karatasi moja, na jawabu lingalikuwa sawa, kwani limo katika vitabu tulivyovisoma tangu udogoni. Leo nalijibu hali ya kuwa nina goti moja lisilokuwa zima, na aliyeliharibu mara ya pili, mara iliyo mbaya zaidi, ni mimi mwenyewe, kwa jambo lile lile alifanyalo mzee huyu. Basi wasomaji watanivumilia nikitanguliza kisa mbele ya dalili.

Wengi wenu hamjafika Njiru. Ni upande wa mashariki ya Nairobi, kando ya barabara ya Kangundo, ukishapita Kayole, Komarock na Saika. Zamani ilijulikana kwa machimbo yake ya mawe. Sasa ni nyumba juu ya nyumba, na kaunti ndogo inayoitwa kwa jina hilo ilihesabiwa watu 626,482 katika hesabu ya mwaka 2019. Adhana hazipokezani kama kwenu Mji wa Kale. Waislamu wa mtaa wetu ni mchanganyiko: Wasomali, Waborana, Wakamba waliosilimu, na sisi tuliopanda kutoka pwani kwa kutafuta riziki. Mimi nawasomesha watoto wao, na kwa muda wa miaka tisa nilikuwa nikiwasalisha katika msikiti mdogo wa mabati.

Mwisho wa mwaka ule wa 2023, katika Mfunguo Saba, mvua za El Nino zilipokuwa hazipusi, nilikuwa navuka barabara baada ya sala ya Isha. Bodaboda ikateleza katika tope ikanipiga ubavuni mwa goti la kulia, na mguu wangu wenyewe ulikuwa umezama topeni. Mguu ulibaki, mwili ukageuka. Nilisikia mlio ndani ya goti kama wa ufito uvunjwapo. Kijana wa pikipiki alilia kuliko mimi. Nimemsamehe, wala si yeye nimkusudiaye katika maneno haya.

Goti si bawaba ya mlango, kama nilivyokuwa nikidhani. Katika nyonga mna shimo lililoushika mfupa wa paja. Katika goti hamna shimo. Mfupa umekaa juu ya mfupa, na kinachouzuia usiteleze ni kano nne kubwa: mbili za pembeni, na mbili za ndani zilizopishana. Na baina ya mifupa hiyo zimewekwa gegedu mbili zilizopinda, ambazo Waarabu huziita za hilali, kwa kuwa zafanana na mwezi mwandamo. Uzito wote wa mtu, akisimama, akirukuu, akisujudu, wapita juu ya hilali hizo mbili. Yangu moja ilipasuka, na kano ya ndani ya mbele ikakatika kabisa.

Daktari alichukua kano nyingine nyuma ya paja langu, akaipitisha katika tundu alizozitoboa mifupani, ikawa badala ya ile iliyokatika. Na gegedu akaishona. Haya aliyafanya kwa majeraha madogo na darubini nyembamba kama kalamu. Kazi hiyo imekuzwa sana na Wajapani. Masaki Watanabe wa Tokyo ndiye wa kwanza kukata gegedu iliyopasuka kwa njia hiyo, mwaka 1962. Khabari hiyo ilinipendeza, kwani Wajapani nao ni watu wa kukaa juu ya magoti. Na wale wenzetu wasemao upasuaji ni mambo ya Wazungu wamemsahau Abulkasim Az-Zahrawi wa Andalusi, aliyefariki kiasi cha mwaka 1013, ambaye sehemu ya 30 ya kitabu chake At-Tasrif ni ya upasuaji mtupu, pamoja na picha za vyombo vyake.

Gharama ilinishinda. Waliolipa ni watu wa msikiti: walichanga Ijumaa mbili, na mama mmoja auzaye mihogo ya kukaanga kituoni alileta shilingi 200 zilizokunjwa katika karatasi ya daftari. Nataka msomaji alikumbuke jambo hili, kwani litarudi.

Sharti za daktari zilikuwa wazi. Wiki sita za kwanza, goti lisikunjwe kupita digrii 90. Kuchutama na kupiga magoti, nisijaribu kabla ya miezi sita. Kisha akanikabidhi kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana wa Kikamba, Mkristo, mpole wa maneno na mkali wa kazi.

Siku ya kwanza aliniambia nikaze msuli wa mbele wa paja. Nikakaza. Akasema, "Kaza, Sheikh." Nikamwambia nimekaza. Akauchukua mkono wangu mwenyewe akauweka juu ya paja: lilikuwa limelala kama nyama ya buchani. Nia ilikuwapo, amri ilitoka, na kiungo hakikutii. Alinieleza ya kuwa goti likivimba, ubongo wenyewe huuzuia msuli usifanye kazi, wala mtu hana khabari. Nimesomesha mlango wa nia kwa miaka ishirini. Siku hiyo ndipo nilipojua ya kuwa mtu aweza kuwa na yakini kwamba anafanya jambo, na jambo lenyewe halifanyiki.

Kila wiki alinipima kwa kipimo cha pembe, mfano wa kile cha watoto wa skuli ila ni kirefu. Mtu hutembea barabara iliyo sawa kwa kiasi cha digrii 60. Kupanda ngazi kwataka 80 au 90. Na kile kikao chetu baina ya sijida mbili, mapaja yakigusa visigino, chapita 140. Wiki ya pili nilikuwa na 55. Wiki ya sita, 95. Na maumivu ya kulikunja goti hilo yalikuwa makubwa mno, nikawa namwambia aache, naye hujibu ya kuwa maumivu haya hayana madhara, ni ukavu unaoachia. Basi nikajifunza kutoyasikiliza maumivu. Na katika hilo ndimo nilimokosea baadaye, kwa upande wa pili.

Hapa wako watakaosema: kijana huyo si Mwislamu, je, neno lake latosha kumfanya mtu aache kusujudu? Ni kweli kwamba katika vitabu vya madhehebu yetu ya Shafii mna sharti ya tabibu kuwa Mwislamu mwadilifu. Walioandika hivyo waliichunga dini, nasi twawaheshimu. Lakini Mtume (S.A.W.), alipohama Makka, na watu wamtafuta ili wamuue, alimwajiri Abdullahi bin Uraykit amwonyeshe njia, naye alikuwa bado katika dini ya Makureshi. Alimwamini roho yake na roho ya Abubakar, kwa kuwa aliijua njia na alikuwa mwaminifu katika kazi yake. Goti la mwalimu wa Njiru si ghali kuliko roho mbili hizo.

Wiki ya saba niliweka mikongojo. Wiki ya nane, katika mwezi wa Rajabu, nikarudi msikitini siku ya Ijumaa. Kijana niliyemsomesha tangu alifu ndiye aliyekuwa akisalisha badala yangu, na siku hiyo alinitaka nirudi katika mihirabu. Nikakataa, nikakaa juu ya kiti mwisho wa safu ya kwanza. Hata hapo nilikuwa sawa.

Rakaa ya kwanza niliisali juu ya kiti. Watu walipokwenda katika sijida, nikawa mimi peke yangu niliyebaki juu, naona migongo yao yote. Alikuwapo mzee wa Kiborana, mtu wa miaka themanini au zaidi, paji lake liko chini. Goti langu lilikuwa kimya. Halikuuma hata kidogo. Nikaona haya. Rakaa ya pili nikakisukuma kiti nyuma, nikateremka. Sijida ya kwanza haikuwa na neno. Nilipokaa baina ya sijida mbili, kikao kile nilichokuwa nikiwasahihisha watoto kila siku, nilisikia ndani ya goti mlio mdogo, kama wa uzi ukatwao kwa meno.

Baada ya salamu watu walinikumbatia. Mmoja alipiga takbiri. Yule mama wa mihogo alikuwa upande wa wanawake, nikaambiwa amelia kwa furaha. Nami nilicheka nao. Ilipofika Alasiri goti lilikuwa limevimba kama dafu, na siku nne nilificha, namwambia mke wangu ni uchovu.

Katika Shaabani nilipasuliwa tena. Kano mpya ilikuwa imesalimika, lakini gegedu ilikuwa imefumuka pale iliposhonwa, na safari hii haikushoneka. Kipande kilikatwa kikatupwa. Sehemu ile ya gegedu haina damu ya kutosha, kwa hivyo haioti tena, na goti lililopungukiwa hilali yake huelekea kusagika kabla ya wakati wake. Ramadhani yote, pamoja na Tarawehe, niliisali juu ya kile kiti nilichokisukuma.

Nikamuuliza yule kijana: kwa nini goti halikunionya? Akanipa elimu ambayo nimeona ni amana kuifikisha. Kano ya kupandikizwa, ikisha kutolewa mahali pake, hukatikiwa na damu yake. Sehemu yake hufa. Kisha mwili huanza kuitambaza mishipa mipya ya damu ndani yake na kuijenga upya, na kazi hiyo huchukua mwaka au zaidi. Katika mwezi wa pili na wa tatu kano hiyo huwa dhaifu kuliko siku ilipotiwa. Nao ndio wakati uvimbe umeondoka, maumivu yamenyamaza, na mgonjwa ajiona mzima. Mshono wa gegedu nao una muda wake kama huo, wala hautangazi. Basi katika wiki ya nne goti lilipiga kelele na hapakuwa na hatari. Katika wiki ya nane lilinyamaza, na hatari ilikuwa pale pale.

Hapa ndipo penye suala lenyewe, na pameniweka macho usiku mwingi. Imrani bin Husayni, Mungu amwie radhi, alipokuwa na maradhi ya bawasiri alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya sala yake, akaambiwa asali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, asipoweza, kwa kulala ubavu. Hukumu yote imefungwa katika kuweza. Na sisi husomesha ya kuwa mtu ndiye shahidi wa nafsi yake, yeye ndiye ajuaye anachoweza. Lakini mimi niliitoa shahada hiyo juu ya nafsi yangu mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa ya uwongo: mara ya kwanza nilisema nimekaza nami sikukaza, mara ya pili nilisema naweza nami siwezi. Wala sikukusudia uwongo.

Mafakihi wetu walikuwa waangalifu kuliko tudhanivyo. Hawakusema ya kuwa asiyeweza ni yule ambaye kiungo chake hakikunjiki tu. Wamemhesabu pamoja naye mtu achelewaye kupona, au aogopaye maradhi yake yasizidi. Yaani kuweza si kule kufika chini. Mtu afika chini hata kwa kuanguka. Kuweza ni kufika bila ya kukiharibu kiungo ulichopewa ukitunze. Na hilo aghalabu hulijui kwa hisia yako, hulijua kwa kumsikiliza ajuaye. Kwa hivyo mwenye kuukataa udhuru wake hakatai udhaifu wa mwili peke yake. Amekataa pia kuwa mtu mwingine aweza kumjua kuliko anavyojijua, na hilo ni zito zaidi kwa mtu aliyezoea kuulizwa.

Wala sitajifichia nyuma ya tabibu na elimu yake. Kulikuwa na jambo la pili, na hilo sikuhitaji kipimo cha pembe kulijua. Wiki mbili kabla ya Ijumaa ile nilikuwa nikisali nyumbani juu ya kiti, peke yangu, wala sikuona hata siku moja ya kuwa ibada yangu imepunguka. Hakunijia shauku ya kuteremka. Ilinijia mbele ya safu tatu za watu. Nilipojiuliza ile sijida nilimsujudia nani, nilikuta majibu mengi yamechanganyika: watu hawa wamelinunua goti hili kwa mihogo yao, nilitaka waone limefanya kazi, kijana wangu yuko katika mihirabu yangu, nilitaka aone ningali hai, mzee wa miaka themanini yuko chini. Shukrani imo, na haya imo, na choyo imo. Mwenyezi Mungu alikuwamo pia, sikatai. Lakini alikuwamo chumbani vile vile, na huko hakunitaka nivunje goti.

Na dalili hazikuwa mbali nami. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alianguka kutoka juu ya farasi huko Madina, akaumia ubavu wa kulia, Maswahaba wakaenda kumzuru, naye akawasalisha hali ya kukaa. Hakujikaza asimame ili waone nguvu zake. Na Ibn Abbas amepokea khabari ya Abu Israili, aliyeweka nadhiri ya kufunga na kusimama juani, asikae, asitafute kivuli, wala asiseme. Mtume akaamuru aseme, aingie kivulini, akae, na aitimize saumu yake. Tazameni alichoachiwa na alichoondolewa: saumu ni ibada, akaachiwa, kusimama juani ni taabu tu, akaondolewa. Ni kweli kwamba ujira huenda kwa kadiri ya mashaka, lakini hayo ni mashaka yanayokukuta njiani mwa amri, si yale unayoyafuata mwenyewe. Kisha Abu Musa amepokea ya kuwa mtu akiugua au akisafiri huandikiwa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima na mkaazi. Basi aliyekaa juu ya kiti kwa udhuru wa kweli hajapungukiwa na sijida hata moja. Nilikuwa nikiyasoma haya darasani kwa sauti nzuri.

Iko na khabari ya Jabiri, juu ya mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, akapatwa na janaba, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume alipoelezwa aliwakasirikia mno, akasema wao ndio waliomwua. Baadhi ya wanazuoni wamezungumza juu ya wapokezi wa maneno ya mwisho ya hadithi hii, yahusuyo kupangusa juu ya kitambaa. Lakini kisa chenyewe ndicho nikitakacho, na khasa ghadhabu ile ilikoelekezwa. Haikuelekezwa kwa aliyeoga.

Nilipokuwa kitandani, wageni walinisimulia sana khabari ya Urwa bin Zubeiri, aliyefariki kiasi cha mwaka wa 94 wa Hijra. Aliingiwa na maradhi ya kuoza mguu katika safari yake ya Sham kwa Khalifa Walid, ukakatwa kwa msumeno, naye akakataa kunyweshwa cha kumlevya. Wasimulizi hupenda msumeno. Sikumsikia hata mmoja akitaja ya kuwa Urwa, kabla ya subira ile, alikubali kukatwa: matabibu walimwambia mguu utamwua, naye akauacha. Mtu mwenye kutaka sifa angalisema ataingia kaburini na miguu yake miwili.

Na msomaji asistaajabu nikimtaja mkimbiaji katika ukurasa huu. David Rudisha, Mkenya wa mbio za mita 800, alikimbia London tarehe 9 Agosti 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, upesi ambao hapajakuwa na mwanadamu aliyeufikia kabla yake. Mwaka uliofuata goti lilimzuia, akayakosa mashindano ya dunia ya Moscow. Alipotokea tena mwaka 2014, huko Eugene, Marekani, alikuwa wa saba. Mtu ambaye ulimwengu mzima ulimjua kuwa ni wa kwanza, alikubali kuonekana wa saba. Kisha 2015 akashinda Beijing, na 2016 Rio. Mimi sikuweza kukubali kuonekana juu ya kiti mbele ya muuza mihogo na Waborana wangu.

Isidhaniwe kwamba natetea viti. Katika misikiti yetu, Nairobi na pwani, yametokea maovu ya upande wa pili: mtu atembea kwa miguu yake kutoka dukani, apanda ngazi za msikiti, asimama barazani nusu saa akizungumza siasa, kisha huvuta kiti akasali sala nzima ameketi. Huyo naye ametoa shahada ya uwongo juu ya nafsi yake. Ruhusa huenda na udhuru, na udhuru ukiondoka ruhusa huondoka nao. Wala kushindwa na nguzo moja hakukuondolei nguzo uwezayo. Asiyeweza kusujudu naye aweza kusimama, lazima asimame. Mimi mwenyewe nilipotimiza mwaka tangu upasuaji wa pili, nilikawia wiki tatu nzima kukiacha kiti baada ya kijana yule kuniambia nijaribu sasa. Wakati huo nilikuwa nimekizoea, nikajiambia nachukua tahadhari. Goti lilikuwa limefika digrii 125, na tahadhari yangu ilikuwa uvivu.

Sasa nimrudie mzee wa Mombasa. Simtuhumu kwa yaliyokuwa moyoni mwangu, kwani moyo wake siujui. Huenda hana riya hata chembe. Wazee wengi huogopa kiti kwa sababu nyingine: wanaona ya kuwa akikalia kiti leo, kesho atalala kitandani, na keshokutwa atabebwa. Hofu hiyo si dhambi, wala haiponi kwa kusomewa hadithi. Mwanawe na akae naye faraghani, si mbele ya watu, amuulize kwa adabu: baba, usiku, unapoamka peke yako, wasalije? Jawabu la suali hilo mzee atalisikia mwenyewe kabla ya kulitamka. Kisha amwulize daktari aliyempasua, kwa kuwa magoti hayalingani: liko ambalo kupiga magoti kwaliuma tu, na liko ambalo kwalibomoa, na mimi niliye mbali sina haki ya kusema la mzee ni lipi.

Ama wale majirani wamsifuo, hao ningewataka waache leo hii. Takbiri ile niliyopigiwa mimi ilitoka kwa mtu mwema, nami nilikula sifa zake siku nne huku goti lajaa maji. Wajuao wenzao kuwa ni wagonjwa, wawasifu kwa kutii walichoamriwa na matabibu, au wanyamaze.

Na ikiwa daktari atamkataza kusujudu, basi mambo yafanywe hivi. Mzee asimame katika safu pamoja na watu kama aweza kusimama, arukuu kwa kuinama kama kawaida, na kiti kiwe nyuma yake. Wakati wa sijida akae, aashirie kwa kichwa, na ishara ya sijida iwe chini kuliko ya rukuu. Asiinuliwe mto wala ubao apate kuugusa kwa paji. Ikiwa hawezi kusimama kabisa, kiti kisogezwe mbele kidogo, mpaka mabega yake yalingane na mabega ya wenzake. Kiti kiwe kizito, kisicho na magurudumu, na mahali pake pawe mwisho wa safu karibu na ukuta, ili wapitao wasilipige goti. Na yule mjukuu asiondolewe ubavuni. Mzee atataka bega la kuinukia.